Mzunguko wa mpira na draiva ya gofu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Draiva ndiyo fimbo inayopiga mbali kuliko zote kwenye begi, na ndiyo inayoulizwa maswali mengi kuliko zote. Karibu kila swali, ukilifuata hadi mwisho, linafika palepale: mpira unazunguka kiasi gani unapoachana na uso wa fimbo. Nimekusanya hapa maswali yanayorudi tena na tena. Vipimo vimeandikwa kwa maili na yadi kwa sababu ndivyo mashine nyingi za gofu zinavyosoma. Yadi ni pungufu kidogo ya mita. Mzunguko unahesabiwa kwa dakika moja.

Mpira unaanzaje kuzunguka?

Uso wa draiva haukusimama wima. Umelala kidogo kwenda nyuma, na ulalo huo ndio wachezaji wanaouita lofti. Fimbo inapogonga, mpira unabonyea na kung'ang'ania uso, kisha unaanza kuupanda kwa kujiviringisha. Msuguano unaupa mzunguko wa kinyumenyume: upande wa juu wa mpira unarudi kwa mpigaji, wa chini unakwenda mbele. Yote hayo yanatokea na kuisha katika muda wa karibu nusu ya elfu moja ya sekunde.

Ukishafika hewani, mpira unaozunguka hivyo huusukuma upepo wa nyuma yake uelekee chini, na wenyewe unasukumwa juu. Kani hiyo ina jina la Heinrich Gustav Magnus, mwanafizikia wa Ujerumani aliyeichunguza katika miaka ya 1850. Aliyeihusisha na gofu kwa undani alikuwa Peter Guthrie Tait, profesa wa Edinburgh, katika miaka ya 1890. Alionyesha kwamba mpira wa gofu haukai hewani muda mrefu vile kwa nguvu za mpigaji peke yake. Mzunguko wa kinyumenyume ndio unaoubeba. Mwanawe, Freddie Tait, alikuwa bingwa wa wachezaji wa ridhaa wa Uingereza mwaka 1896 na 1898, kwa hiyo somo hilo lilikuwa nyumbani kwake kabisa.

Kwa hiyo mzunguko ni rafiki au adui?

Bila mzunguko, mpira wako wa draiva ungeanguka kama jiwe. Naanza na hili kwa sababu matangazo ya miaka mingi yamewafanya watu waamini kwamba mzunguko ukipungua tu, umbali unaongezeka. Ukweli una ncha mbili. Mzunguko ukizidi, mpira unapanda mno, unapoteza kasi angani na kuanguka wima bila kubingirika. Ukipungua mno, hakuna cha kuushika hewani: unaanza vizuri, kisha unazama mapema. Katikati ya ncha hizo kuna eneo linalokufaa wewe, na eneo hilo linategemea kasi yako na pembe ambayo mpira unaanza nayo kupaa.

Basi namba sahihi ni ipi?

Hakuna namba moja, na mtu anayekutajia moja kabla ya kuona swingi yako, yaani unavyoizungusha fimbo kupiga, anakisia. Angalia wastani uliotangazwa kwa miaka mingi na TrackMan, kampuni ya mashine za rada za kupima mapigo. Wanaume wa PGA Tour, mashindano ya kulipwa ya Marekani: kasi ya fimbo maili 113 kwa saa, mpira unapaa kwa nyuzi 10.9, mizunguko 2,686, umbali wa hewani yadi 275. Wanawake wa LPGA, mashindano ya kulipwa ya wanawake: kasi maili 94, nyuzi 13.2, mizunguko 2,611, yadi 218.

Mizunguko inakaribiana sana, ila wanawake wanaurusha mpira juu zaidi ya nyuzi mbili. Kasi yao ni ndogo, kwa hiyo mpira unahitaji kupewa urefu mapema. Utaona baadaye wanavyofanikiwa kuurusha juu bila kuongeza mzunguko.

Kwa anayecheza kwa kasi ya maili 90 hivi, mahali pazuri pa kuanzia ni mizunguko kati ya 2,500 na 3,000, mpira ukipaa kwa nyuzi 12 hadi 15. Mwenye kasi ya maili 80 au chini anaweza kuvuka 3,000 na bado akawa anapata umbali wake wote. Kani inayoubeba mpira inatokana na kasi na mzunguko kwa pamoja. Kasi ikiwa ndogo, mzunguko na pembe ya kupaa vinapaswa kuziba pengo. Ndiyo maana namba za bingwa anayepiga kwa maili 120 hazimfai mtu wa maili 85, hata wakishika fimbo zilizotoka kiwandani siku moja.

Nitajuaje hali yangu bila mashine?

Tazama umbo la safari ya mpira. Mpira wenye mzunguko mwingi huanza chini, kisha katikati ya safari unajiinua kana kwamba unapanda ngazi, unasimama, na kushuka wima. Kwenye nyasi kavu utaukuta karibu kabisa na alama ulipoangukia. Upepo wa mbele ukivuma kidogo tu, unapoteza yadi nyingi.

Mpira wenye mzunguko mdogo mno unaonekana mzuri kwa sekunde mbili za mwanzo, halafu unainamisha kichwa na kuzama. Wengi hawautambui huu kwa sababu mpira huo hubingirika sana na kuwaachia kumbukumbu tamu ya ule mmoja uliokwenda mbali. Waulize kuhusu mingine tisa.

Mpira wangu unazunguka mno. Tatizo liko wapi?

Hapa ndipo ningependa usome polepole, kwa sababu hapa ndipo watu wanapobadilisha draiva wakati jibu liko mikononi mwao.

Jambo la kwanza ni mahali mpira unapogusa uso. Uso wa draiva si bapa. Umevimba kidogo, kutoka juu kwenda chini na kutoka upande hadi upande. Ukigonga juu ya katikati, lofti pale ni kubwa zaidi, hivyo mpira unapaa juu. Wakati huohuo kichwa cha fimbo kinasukumwa kulala nyuma, na mpira, kama gurudumu la gia linalogusana na jingine, unazungushwa kuelekea upande wa pili, hivyo mzunguko wa kinyumenyume unapungua. Ukigonga chini ya katikati, kila kitu kinageuka: mpira unatoka chini na mzunguko unapanda. Milimita chache tu zinaweza kubadilisha mamia ya mizunguko. Hakuna kichwa cha fimbo wala shafti, yaani mpini wake, inayoweza kukupa tofauti kubwa hivyo kwa urahisi huo.

Kwa hiyo kabla ya lolote, jua unagonga wapi. Pulizia uso wa draiva poda ya miguu, au chora mstari kwenye mpira kwa kalamu ya ubao mweupe, kisha piga mipira kumi. Alama zikijaa nusu ya chini ya uso, umeshapata jibu. Inua tii, kile kijiti kinachoushikilia mpira, kiasi kwamba karibu nusu ya mpira ionekane juu ya ukingo wa kichwa, uusogeze mpira mbele uelekee kisigino cha mguu wa mbele, upige tena.

Jambo la pili ni kama fimbo inaufikia mpira ikiwa inashuka au inapanda. Tuseme wachezaji wawili wanaufikisha uso kwenye mpira ukiwa na lofti ya nyuzi 13. Wa kwanza anashuka kwa nyuzi 4, wa pili anapanda kwa nyuzi 3. Mipira yao inapaa kwa pembe zinazokaribiana, kwa sababu uso ndio unaoamua sehemu kubwa ya pembe hiyo. Lakini pengo kati ya uso unakoelekea na fimbo inakokwenda ni nyuzi 17 kwa wa kwanza na 10 kwa wa pili, na pengo hilo ndilo linalozaa mzunguko. Sasa rudi kwa wanawake wa LPGA: kwa wastani wanapanda kwa nyuzi 3, ilhali wanaume wa PGA Tour wanashuka kwa nyuzi 1.3. Ndiyo siri ya mpira wa juu usio na mzunguko wa kupita kiasi.

Si nipunguze tu lofti ya draiva?

Ndilo jambo la kwanza watu wanalofanya, na kwa wengi ni kosa. Ni kweli kwamba nyuzi moja ya lofti inabeba takribani mizunguko 200 hadi 300. Lakini unapoipunguza unapunguza pia pembe ya kupaa, na kama mpira wako tayari unatoka chini, utakuwa umeuondolea urefu uliokuwa unauhitaji.

Kuna mengine mawili. Draiva nyingi za sasa zina shingo inayogeuzwa. Ukiigeuza kupunguza lofti, uso nao unafunguka kidogo kuelekea kulia kwa anayetumia mkono wa kulia. Pili, mzunguko wa kinyumenyume ndio unaoushikilia mpira usipinde. Uso na njia ya fimbo vikipishana kwa nyuzi 3, mpira wenye mzunguko mwingi wa kinyumenyume utainama kidogo tu, lakini ule uliopunguziwa lofti utainama zaidi kwa kosa lilelile. Ndiyo maana mtu anapiga fimbo fupi zikanyooka, akishika draiva mpira unakwenda msituni. Anayesumbuliwa na mpira wa kukata kulia mara nyingi anasaidiwa na lofti zaidi, na huwa hataki kusikia hivyo.

Vipi kuhusu vichwa vinavyouzwa kama vya mzunguko mdogo?

Vipo, na vinafanya kazi yake. Mtengenezaji akiweka uzito chini na karibu na uso, kitovu cha uzito kinashuka na kusogea mbele, na mzunguko unapungua. Akiuweka nyuma kabisa, kichwa kinakuwa kigumu kupindishwa na pigo lisilo la katikati, kinaongeza kidogo lofti wakati wa kugonga, na kwa kawaida mzunguko unapanda.

SLDR ya TaylorMade ya 2013 ilikuwa mfano wa uzito wa mbele. Kampuni yenyewe iliwashauri wachezaji wachukue lofti kubwa kuliko waliyoizoea, maana kichwa kile kilikuwa kinaupunguzia mpira mzunguko kiasi kwamba wengi wasingeweza kuurusha kwa lofti ya zamani. Miaka ya karibuni upepo umegeuka: mwaka 2024 Ping na TaylorMade zote zilitoa draiva zinazojivunia namba 10,000 za ukinzani wa kupinda. Jua tu kwamba namba hiyo ni jumla ya mielekeo miwili. Sheria inaweka kikomo kwa mwelekeo mmoja, wa kisigino (upande wa shafti) hadi ncha (upande wa mbali na shafti), kuwa gramu-sentimita za mraba 5,900, pamoja na nafasi ya kosa ya 100.

Maoni yangu ni haya: kama huwezi kugusa katikati ya uso angalau mara sita katika kumi, achana na kichwa cha uzito wa mbele. Kitakupa mpira mmoja wa kukumbukwa, na mipira mitatu utakayoitafuta kwenye vichaka.

Shafti inapunguza mzunguko?

Kidogo, na kwa njia isiyotabirika kwa kila mtu. Shafti ngumu upande wa kichwani hupunguza mzunguko kwa baadhi ya wachezaji. Kwa wengine inawafanya wabadilishe swingi bila kujua, matokeo yanakwenda kinyume. Uzito na urefu vina maana zaidi, kwa kuwa vinaamua kama utagusa katikati. Draiva nyingi za dukani zina urefu wa inchi 45.5 au zaidi. Shika chini nusu inchi hadi inchi moja upige mipira michache. Kama alama zinakusanyika, umejifunza kitu bila kununua chochote.

Na mpira wenyewe?

Mipira inatofautiana, lakini kwa draiva tofauti ni ya mamia machache. Mipira yenye tabaka kadhaa imejengwa hivyo makusudi: kiini na tabaka la kati vinazuia mzunguko kwenye pigo kubwa, ganda laini linauongeza kwenye pigo fupi la karibu na grini, eneo la nyasi fupi lenye shimo. Chagua mpira kwa jinsi unavyokufaa karibu na grini, halafu pima draiva ukitumia mpira huohuo. Mipira ya uwanja wa mazoezi iweke kando siku ya vipimo. Mingi ni migumu, imechakaa, na namba zake hazifanani na utakazopata mchezoni.

Mpira unaopinda una mzunguko wa pembeni?

Mpira hauwezi kuzunguka njia mbili kwa wakati mmoja. Una mhimili mmoja. Mhimili ukiwa sambamba na ardhi, mpira unakwenda moja kwa moja. Ukiinama kulia, kani inayoubeba nayo inainama kulia na mpira unafuata. Ufikirie kama bawa la ndege inayokata kona.

Mambo mawili yanauinamisha: uso na njia kupishana, na mahali pa kugusa. Kwa anayetumia mkono wa kulia, mpira uliogongwa kwenye ncha ya uso huinamia kushoto, wa kwenye kisigino huinamia kulia. Mtu anaweza kuwa na swingi nzuri kabisa, akagonga kisigino, akaambiwa ana kosa la njia. Poda ile ya miguu inamwokoa.

Upepo wa mbele unaongeza mzunguko?

Hauongezi. Mpira ukishaondoka hakuna kinachouzidishia mzunguko. Kinachoongezeka ni kasi ya hewa inayopita juu yake, kwa hiyo kani ya kuubeba na ya kuuzuia zote zinakua, na mzunguko uliokuwa unavumilika siku tulivu unaonekana umezidi.

Kosa la kawaida ni kushusha tii ili mpira uende chini. Tii ikishuka, unagonga nusu ya chini ya uso, unashuka zaidi juu ya mpira, mzunguko unapanda, na mpira unajiinua kwenye upepo kuliko mwanzo. Acha tii karibu na pale ilipo, shika fimbo chini kidogo, piga kwa utulivu.

Kwenye miinuko mirefu?

Hewa ni nyepesi. Mpira unazuiwa kidogo, unakwenda mbali zaidi, lakini pia unabebwa kidogo. Anayecheza huko siku zote anaweza kuhitaji kuurusha juu zaidi kuliko vipimo vya usawa wa bahari vinavyomwambia.

Nimesikia watu wanapaka mafuta kwenye uso wa draiva. Inasaidia?

Inapunguza msuguano, hivyo inapunguza mzunguko, na mhimili hauinami sana. Pia ni marufuku. Kanuni ya 4.1 inakataza kupaka kitu chochote kwenye kichwa cha fimbo, isipokuwa kwa kukisafisha, ili kubadilisha utendaji wake, na adhabu ya kupiga na fimbo hiyo ni kuondolewa mashindanoni. Maji ya mvua yana athari ya namna hiyo bila hatia yoyote: uso ukilowa, mzunguko mara nyingi unashuka na kuwa wa kubahatisha. Kausha uso na mpira kabla ya kila pigo.

Je, kuna sheria inayodhibiti mzunguko wa draiva?

Hakuna kikomo cha moja kwa moja. R&A na USGA, vyombo viwili vinavyotunga sheria za gofu, wanadhibiti ukubwa wa kichwa, sentimita za ujazo 460, namna uso unavyochipua, na ule ukinzani wa kupinda. Mzunguko unaingia kupitia jaribio la mipira. Kwa miaka mingi mashine imepiga kwa kasi ya maili 120, nyuzi 10 na mizunguko 2,520. Desemba 2023 mamlaka hizo zilitangaza jaribio jipya la maili 125, nyuzi 11 na mizunguko 2,200. Ukilinganisha safu hizo mbili unaona wapigaji wakubwa walikofika: juu zaidi, haraka zaidi, mzunguko pungufu.

Nikienda kupimiwa draiva, nifanye nini?

Nenda ukiwa umepasha mwili moto na hujachoka. Beba draiva yako ya sasa na mpira unaocheza nao. Piga kwanza na ya kwako, maana bila mahali pa kuanzia huwezi kujua umepata nini. Piga swingi unayoitumia uwanjani. Kila fundi ameona mtu anayeongeza kasi kwa maili tano mbele ya mashine, akanunua fimbo ya mtu huyo mwingine.

Tazama kasi ya mpira, pembe ya kupaa na mzunguko kwa pamoja. Mzunguko peke yake haukwambii kitu. 3,400 ikiwa mpira unapaa kwa nyuzi 9 ni shida; 3,000 kwa nyuzi 14 kwa mtu wa kasi ndogo inaweza kuwa ndiyo bora yake. Kisha tazama mtawanyiko. Fimbo A ikitoa mizunguko 1,800, 2,900 na 2,200, na fimbo B ikitoa 2,700, 2,850 na 2,800, mimi nachukua B hata kama mpira mrefu kuliko yote ulitoka kwa A. Mpira wa mizunguko 1,800 ndio utakaozama kabla ya kuvuka bwawa.

Mwombe fundi akuonyeshe unagusa wapi. Asipotaka kupima hilo kabla ya kukushauri kichwa kipya, tafuta fundi mwingine.

Mashine mbili zimenipa mizunguko tofauti. Niamini ipi?

Uliza namba imepatikana vipi. Zipo zinazofuata mpira kwa rada, zipo zinazopiga picha za mpira unapoondoka. Zote nzuri zinapima kweli, lakini rada iliyofungwa kwenye chumba kifupi ina nafasi ndogo ya kuuona mpira, ndiyo maana mara nyingi mpira unabandikwa kipande cha karatasi ya metali. Mashine za bei ndogo nyingine hazipimi mzunguko kabisa. Zinaukokotoa kutokana na kasi na pembe. Hizo zinafaa kulinganisha kasi ya mpira. Usizitumie kuchagua lofti.

Nirudi kupimwa baada ya muda gani?

Swingi ikibadilika, rudi. Umefundishwa kupanda juu ya mpira badala ya kushuka: mzunguko wako umeshuka, na lofti uliyopewa zamani huenda sasa ni ndogo au kubwa mno. Umri umepunguza kasi kwa maili saba au nane: unahitaji kuurusha mpira juu zaidi na pengine kuongeza mzunguko. Umebadilisha aina ya mpira: piga kumi tu uhakikishe. Kama hakuna kilichobadilika kati ya hivyo, draiva uliyonayo haijaharibika kwa sababu kumetoka mpya.